Usome Falsafa Chuo au Usisome? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla Dirisha la Udahili Halijafungwa

Kila matokeo ya form six yakitoka swali ni lile lile, "nimeona kuna falsafa, niende?" na majibu ya mtaani ni yale yale mawili, mmoja anasema utakufa njaa, mwingine anasema fuata moyo wako, na yote mawili hayamsaidii mtu kitu.

Wanaokwama hapa wanakwama kwa kufanana. Kuna anayeijaza nafasi ya mwisho kwa sababu pointi zimebana, anafika mwaka wa kwanza anashangaa kumbe kuna logiki, somo la kupima kama hoja inafuata, na kuna mtihani wake. Kuna aliyeipendea klipu za TikTok, zile za sauti nzito na kinanda cha huzuni. Alafu kuna yule ambaye ingemfaa kabisa ila mjomba alicheka tu mezani akaiacha, akaenda kusoma kitu ambacho mpaka leo ukimuuliza anasomea nini anajibu kwa kuguna.

Hapa sikuvuti upande wowote. Ukimaliza hatua zote unatakiwa uwe na ndiyo au hapana ambayo unaweza kuitetea mbele ya mzazi bila kupandisha sauti. Tenga kama wiki mbili, na uanze kabla matokeo hayajatoka kama unaweza.

## Andaa hivi kwanza

- Matokeo yako, au makadirio ya kweli kama bado hayajatoka.
- Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huu, PDF. Kuna cha wa form six na cha wenye diploma, usichanganye.
- Mwongozo wa mikopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) wa mwaka huu. Sio wa mwaka jana aliokutumia binamu yako, vigezo vinabadilika.
- Prospektasi ya chuo unachokitaka, yaani kitabu chenye orodha ya kozi zake.
- Daftari moja na kalamu. Simu peke yake haitoshi, utaona mbele kwanini.
- Maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yanayoitwa Crito. Yapo bure Project Gutenberg kwa Kiingereza, ni mafupi, bando la siku linatosha na chenji inabaki.
- Mtu mmoja anayesoma falsafa sasa hivi au aliyemaliza. Akiwa analalamika kidogo ndo vizuri zaidi.

## Hatua ya 1: Andika wazo limetoka wapi

Sentensi tatu tu kwenye daftari. Nimeanza kuifikiria lini, nani au nini kilinifanya niifikirie, na kama falsafa isingekuwepo ningechagua nini.

Kama jibu la kwanza ni "ndo kozi niliyoona pointi zangu zinafika", usijione mjinga, hiyo ni sababu kama sababu nyingine, ila lazima ujue ndo hiyo. Kigezo cha jumla cha TCU ni principal pass mbili zenye jumla ya pointi 4, na kwa hesabu ya A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, maana yake D mbili zinakuvusha kwenye mlango wa jumla. Kila programu ina masharti yake ya ziada ya masomo, soma mstari wa programu yenyewe kwenye kitabu, usiishie kwenye pointi.

Kama jibu ni "napenda kubishana", endelea ila kwa tahadhari. Kijiweni anayeshinda ni mwenye sauti na mwenye utani. Darasani unapewa hoja ya mtu usiyekubaliana naye kabisa, alafu unaambiwa uijenge iwe imara kuliko alivyoiacha mwenyewe, ndo uikosoe. Watu wa ubishi wengi wanaishia hapo.

## Hatua ya 2: Jaribio la kusoma

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo inayorukwa. Watu wanauliza ajira kabla hawajajua kama wanaiweza kazi ya kila siku ya kozi yenyewe, na kazi yenyewe ni kusoma kurasa chache polepole mno mpaka uone hoja imekaaje.

Kaa na Crito. Simu weka mbali, ndo maana nilisema daftari. Stori ni fupi: Socrates, mwalimu wa Plato, yuko jela Athens, kahukumiwa kifo, ni mwaka 399 kabla ya Kristo. Rafiki yake Crito anakuja alfajiri anamwambia mambo yote yameshapangwa, hela ipo, mlinzi wamezoeana, twende zetu. Socrates anakataa. Kurasa zote zinazofuata ni kwanini anakataa.

Soma mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili kila Socrates anapotoa sababu iandike kwa Kiswahili, sentensi moja, maneno yako. Utapata kitu kama hivi:

1. Maoni ya watu wengi sio kipimo, sikiliza anayejua.
2. Kudhulumu ni vibaya hata kama wewe umedhulumiwa kwanza.
3. Mtu aliyekaa kwenye mji miaka yote, akalelewa na sheria zake na angeweza kuondoka ila hakuondoka, ni kama ameahidi kuzitii.
4. Kutoroka ni kuvunja ahadi hiyo.

Sasa shika namba tatu uibane. Mtu wa Tandale ambaye hana nauli ya kuhamia popote, hana paspoti, hana ndugu nje, ukimwambia "mbona hukuondoka, basi umekubali", hiyo ni kukubali kweli? Kama hilo lilikujia lenyewe kabla sijalisema basi furahi, maana mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliuliza karibu hivyo hivyo mwaka 1748, alisema fukara asiyejua lugha ya nje na anayeishi kwa ujira wa siku huwezi kusema ana hiari ya kuhama nchi, akafananisha na mtu aliyebebwa usingizini akaingizwa melini alafu unamwambia amekubali amri za nahodha kwa sababu hajarukia baharini.

Socrates naye angejibu nini? Usifunge daftari kabla hujamjibia. Hapo ndipo kozi ilipo. Miaka mitatu ya shahada ni hicho kitendo kikirudiwa kwa watu na mada tofauti, maarifa ni nini, haki ni nini, nafsi ipo au haipo, serikali inapata wapi mamlaka.

Umefaulu kama baada ya siku mbili unaweza kumsimulia mtu hoja ile kwa Kiswahili bila kusoma, na bado inakukera kidogo kichwani. Kiingereza kigumu cha tafsiri ya zamani sio kufeli, hata wenye A ya English wanasota nacho. Kufeli ni kuchoshwa na swali lenyewe. Ukijikuta unasema "ila huyu mzee si angetoroka tu yaishe", na huna hamu ya kujua kwanini hakutoroka, basi ishia hapa uokoe miaka yako mitatu, na silisemi hilo kwa kejeli.

Angalizo: usitafute muhtasari YouTube wala usimwulize roboti akufupishie. Utaelewa Crito, lakini hutajua kama unaweza kusoma, na ulikuwa unapima hicho cha pili.

## Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja

Swali: je, Socrates alikosea kubaki? Ukurasa mmoja wa mkono. Aya ya kwanza hoja yake kwa haki, ya pili pingamizi lako, ya tatu jibu ambalo mtetezi wake angekupa, ya nne wewe unasimama wapi. Usinukuu mtu, usiweke methali.

Ukimaliza mpe mtu anayebisha, ikiwezekana mkubwa kwako. Muombe asisahihishe lugha, aweke alama ya kuuliza pale ambapo hakuona sentensi ya pili imetokaje kwenye ya kwanza. Alama zikiwa nyingi ni kawaida. Kinachokupima ni kesho yake, umekaa ukairekebisha au umeitupa?

Hapa niwe muwazi kwa watoto wa madesa, zile notsi za kurithishana. Kuna kozi ambazo mtu anapiga msuli usiku wa mwisho na desa la kaka yake wa mwaka wa tatu, anatoboa. Kwenye falsafa desa linakupa majina na tarehe, lakini swali linasema "tathmini", na desa halitathmini, kwahiyo sapu (mitihani ya marudio) nyingi zinaanzia hapo.

## Hatua ya 4: Jaribio dogo la logiki

Fanya hili dakika kumi tu. Chukulia sentensi hii ni kweli: mvua ikinyesha sana Pugu, Jangwani panajaa maji. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya huko ukapita pale, anayepanda Mwendokasi anajua. Sasa amua lipi kati ya haya linafuata kwa lazima:

a) Leo Jangwani pamejaa, kwahiyo Pugu imenyesha sana.
b) Leo Pugu haijanyesha, kwahiyo Jangwani pakavu.
c) Leo Jangwani pakavu, kwahiyo Pugu haijanyesha sana.

Jibu ni c peke yake. Kwenye a maji yangeweza kutokana na mvua ya mjini au mitaro iliyoziba, na b inavunjika kwa sababu hiyo hiyo. Kama ulikosea, ukasoma maelezo, ukaona "aah kumbe", uko sawa, logiki inafundishika. Kama umesoma mara tatu na unaona ni mchezo wa maneno usio na faida, jua kozi ya logiki huwa ya lazima, na baadae inakuwa na alama kama za hesabu. Wengi waliokimbilia HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) kukwepa hesabu hawalijui hilo.

## Hatua ya 5: Angalia kozi yenyewe na watu wake

UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, kuna Idara ya Falsafa na Taaluma za Dini, na wana shahada ya Falsafa na Maadili. Nje ya Dar kuna vyuo vya kanisa, na kuna seminari kuu za falsafa kama Kibosho na Ntungamo ambazo ni za wanaoelekea upadri, kwahiyo ukisikia fulani "amesoma falsafa Kibosho" hiyo ni njia nyingine. Kwa Wakatoliki mseminari anasoma falsafa kwanza alafu theolojia, ndo maana darasani usishangae kukaa na bruda au sista.

Fungua prospektasi uandike kozi za mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Weka tiki kwa ambazo ungezisoma hata bila mtihani. Tafuta za lazima, sio za hiari, maana utavutiwa na falsafa ya Afrika wakati nyuma yake kuna metafizikia (maswali ya nini kipo na kikoje) na historia ya falsafa ya Magharibi zinakusubiri. Tiki zikiwa chini ya nusu ya kozi za lazima, mimi ningesita.

Mda wa udahili chuo huwa kimefungwa, lekcha huzikuti, ila wanafunzi wapo mtaani na wengine utawakuta kwenye vimbweta wanasubiri sapu zao. Usimuulize "kozi nzuri?" maana atakujibu kutokana na GPA yake. Mwambie hivi: "Samahani kaka, naomba nione asainimenti yako moja iliyosahihishwa." Angalia mwalimu ameandika nini pembeni. Ukiona "kwanini?" na "imetokaje?" zimejaa, umeiona kozi.

Muulize na darasa lao lina watu wangapi, nani anamsimamia kwenye utafiti wa mwaka wa tatu, na waliomaliza mbele yake wako wapi kwa majina. Akikosa hata mmoja wa kumtaja, andika hilo kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya hela

Chukua ada ya mwaka ya chuo chako, zidisha mara tatu. Ongeza hosteli au geto, nauli, vitabu na kutoa kopi. Kwa chakula na malazi tumia kipimo cha boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ambacho tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, yaani kama laki tatu kwa mwezi, na anayelipa geto Sinza au Ubungo anajua hiyo laki tatu inavyokata mapema.

Mkopo: HESLB wanaangalia uhitaji wako na pia kozi, na kozi za kipaumbele kwa kawaida ni za afya, ualimu wa sayansi, uhandisi na jamaa zake. Falsafa usiitegemee ikupandishe. Kwahiyo fanya hesabu mbili, moja ukipata, moja ukikosa kabisa. Ya pili ikiwa haiwezekani na familia haina plani, hiyo sio hapana ya moja kwa moja ila ni sharti, unaenda ukipata mkopo tu.

Angalizo: cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na cha kifo cha mzazi pia kama ni yatima. Watu wanaacha mpaka wiki ya mwisho mfumo unagoma. Fanya hili leo hata kama hujaamua kozi.

Na ujue unakopa. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza.

## Hatua ya 7: Ajira, kwa ushahidi

Sasa ndo tunafika kwenye swali la mjomba. Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na kurasa za kazi za mashirika, soma matangazo ishirini ya wenye shahada, nenda moja kwa moja kwenye sifa za mwombaji. Gawa mafungu matatu: yanayotaja falsafa kwa jina, yanayosema shahada yoyote au "fani inayofanana", na yaliyokufungia mlango.

Fungu la kwanza litakuwa dogo sana au tupu, nakwambia kabisa usije ukashtuka. Falsafa pia sio somo la kufundishia sekondari, kwahiyo ule mpango wa "nikikosa nitafundisha" haupo hapa kama ulivyo kwa wa BA Ed (ualimu). Anayekwambia kampuni zinawagombania wanafalsafa Dar anakudanganya.

Unachotakiwa kukitazama ni fungu la pili, na ujiulize utawapita wenzako wa sosholojia na siasa kwa kitu gani. Ndo maana kila anayekuja kuniuliza namwambia falsafa ni mguu mmoja, taja mguu wa pili kabla hujajaza fomu. Unaweza kuwa sheria baadae kama shahada ya pili, au uandishi, au uhariri na tafsiri, au takwimu za kompyuta ukijifunza pembeni. Kuna eneo la maadili ya tiba, ambalo MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Upanga, wana idara yake, na tafiti za afya nchini zinapita kwenye kamati za maadili kabla hazijaanza, huko mtu anayeweza kuchambua hoja ana kazi ya kufanya, japo njia yake ni ndefu na inataka uongeze shahada.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika: "Nitasoma falsafa, na pembeni nitajenga ____, na mwaka wa pili likizo nitajitolea ____." Nafasi zikibaki wazi baada ya siku tatu za kufikiri, jibu lako linaelekea hapana.

## Hatua ya 8: Mazungumzo ya nyumbani

Usiende mikono mitupu, nenda na daftari. Chagua mda mzee ameshakula. Itakuwa kama hivi:

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Nasikia unataka kusomea ufalsafa. Ndo upadri huo au ndo wale wasiosali?"

"Hapana baba mkubwa, nimekuja na hesabu nikuonyeshe, alafu nisikie ushauri wako."

Ukishafungua hesabu mazungumzo yanahama kutoka kwenye kuchekwa yanakuwa ya ada na mguu wa pili, na hapo una majibu.

Hofu ya dini usiidharau, hasa nyumba zetu za uswahilini, na usiijibu kwa dharau za klipu. Kwa nyumba ya Kiislamu, al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliwakosoa wanafalsafa vikali, lakini aliwasoma kwanza mpaka akawajua, na Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, akaja kumjibu kwa hoja. Kwa nyumba ya Kikatoliki Thomas Aquinas, mtakatifu aliyekuwa mwanafalsafa, peke yake anatosha. Ukisema hayo kwa adabu bibi atakuuliza maswali, na maswali ya bibi huwa magumu kuliko ya mwalimu, jiandae.

Wakikataa bado, waombe wataje sababu moja kubwa. Mara nyingi ni hela. Rudi hatua ya 6 nao.

## Hatua ya 9: Amua, jaza, thibitisha

Hatua ya 2 na 3 ndo zina kura ya turufu. Ukifeli hizo, pointi na mkopo na baraka za ukoo mzima havikusaidii. Ukifaulu hizo na ya 7, jaza falsafa chaguo la kwanza au la pili, sio la tano, maana ukiweka mwisho "kuokoa mwaka" ndo unakuwa yule wa logiki ya kushtukiza.

Maombi yanatumwa chuo chenyewe moja kwa moja. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unathibitisha kimoja kwa namba maalumu ndani ya siku zilizopangwa. Piga skrinshoti ya uthibitisho. Uhamisho wa kozi upo lakini dirisha lake ni dogo, usiufanye kuwa plani.

Kama kusoma na kuandika umefaulu ila hela au mguu wa pili vimegoma, kuna njia ya kati, na mimi huwa naipenda kwa wengi: chukua kozi nyingine inayobeba mkopo au ajira vizuri zaidi, alafu uchukue kozi za falsafa kama za hiari pale kozi yako inaporuhusu. Muulize mshauri wa masomo wiki ya kwanza kabisa kabla hujasajili kozi kwenye mfumo, kwa sababu dirisha la kuongeza na kufuta kozi linafungwa mapema, na darasa la logiki likishaanza bila wewe, kulidandia katikati ni mateso.